Mstari Mmoja Kwenye Lebo: Jinsi The Animals Walivyorudiana Mara Mbili Wasidumu

Chukua santuri ndogo ya "The House of the Rising Sun", toleo la Uingereza la 1964, uisogeze karibu na taa. Kwenye duara la karatasi lililo katikati, chini ya jina la wimbo, kuna mabano yenye maneno machache tu: wimbo wa jadi, umepangwa na Price. The Animals, bendi ya Uingereza iliyourekodi, walikuwa watu watano. Jina lililoandikwa ni moja.

Mabano hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Bendi kongwe ya bluzi na roki ikitangaza kwamba imepatana na inatoa albamu mpya, sisi mashabiki tunakimbilia kuuliza kama mwimbaji bado ana pumzi na kama gitaa bado linalia kama zamani. Ni maswali halali, ila yanachelewa. Albamu ya kurudiana hupikwa mezani, kwenye karatasi za mikataba, kabla haijafika studio. Watu waliogawana nyumba wanarudi kukaa sebule moja, na kila mmoja anakumbuka nani aliondoka na hati. Usipoijua hesabu hiyo utaisikiliza albamu yao na kushangaa kwa nini watu wenye vipaji vile wametoa kazi ile. The Animals walirudiana hadi kutoa albamu mara mbili, 1977 na 1983, na kwao hesabu hiyo inasomeka waziwazi kuliko kwa bendi nyingine yoyote ninayoijua.

Walitoka Newcastle upon Tyne, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya meli kaskazini-mashariki mwa England. Mwimbaji Eric Burdon na mpiga dramu John Steel walikutana chuo cha sanaa mwaka 1956. Chas Chandler, pande la mtu aliyepiga besi, alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Alan Price, mpapasa kinanda, alikuwa karani wa ofisi ya kodi. Mpiga gitaa Hilton Valentine alitoka North Shields, jirani tu, pale mto Tyne unapokaribia bahari. Uwanja wao wa nyumbani ulikuwa Club a'Gogo, ambako Desemba 1963 walipiga pamoja na Sonny Boy Williamson, gwiji wa bluzi kutoka Marekani. Mwaka uliofuata wakahamia London na kuanza kazi na prodyuza Mickie Most.

Mei 1964 walikuwa ziarani na Chuck Berry. Kushindana na Berry kwa muziki wa kasi kulikuwa kujitafutia aibu, kwa hiyo wakawa wanafunga onyesho lao na "The House of the Rising Sun", kibao cha polepole, kizito, kinachomzungumzia mtu aliyeharibikiwa na maisha New Orleans. Watu ukumbini walikuwa wakiondoka wakikiimba. Tarehe 18 mwezi huo wakaingia studio London na kukirekodi kwa mkupuo mmoja. Kilidumu dakika nne na nusu, urefu ambao redio za wakati ule hazikuuzoea. Toleo la Marekani lilikatwa hadi chini ya dakika tatu. Julai kikawa namba moja Uingereza. Septemba kikashika namba moja Marekani na kukaa hapo wiki tatu.

Nani alikipanga?

Mtunzi wa kwanza wa wimbo huu hajulikani. Clarence Ashley na Gwen Foster waliurekodi 1933. Mwaka 1937 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za watu wa kawaida, aliunasa kwenye mashine yake huko Middlesboro, Kentucky, ukiimbwa na binti aitwaye Georgia Turner. Bob Dylan aliuweka kwenye albamu yake ya kwanza ya 1962, akitumia mpangilio alioupata kwa Dave Van Ronk. Ni wimbo uliopita mikono mingi, na kila mkono uliacha alama yake.

Sasa sikiliza toleo la The Animals kwa makini. Linaanza gitaa la Valentine likiwa peke yake. Halikwangui nyuzi zote kwa pamoja. Linachambua nota moja baada ya nyingine, likipanda na kushuka kama mtu anayehesabu ngazi gizani. Vijana wengi duniani wanaojifunza gitaa hupitia hapo. Kisha Burdon anaingia kwa sauti ya chini, besi na dramu zikimtandikia mdundo unaoyumba kama kiti cha kubembea. Kinanda cha Price kinakuja baadaye, kikianza kwa kunong'ona, halafu kinashika solo katikati na kuupandisha wimbo mpaka Burdon hana njia nyingine ila kupiga kelele. Ukiniuliza mpangilio huu ni wa nani, nitasema ni wa watano, na kabla yao ni wa watu wengi zaidi.

Kwa simulizi ambayo wenzake Price wameirudia kwa miaka mingi, waliambiwa kwamba lebo haina nafasi ya majina matano, basi liwekwe moja, na fedha zitagawanywa baadaye. Kinanda cha Price kina mchango ambao hakuna anayeweza kuubisha. Bila solo ile wimbo ungekuwa mwingine. Lakini mgao ambao wenzake walisema waliahidiwa haukufika.

Msomaji anaweza kuuliza: mstari mmoja wa maandishi madogo una uzito gani, ikiwa watano wote wamesikika kwenye rekodi? Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tunapousikia wimbo tunausikia kama kitu kimoja, na sheria inauona kama vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno, melodi na mpangilio. Na kuna rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa siku ile studio. Kila kimoja kina mwenyewe na kina hakimiliki yake. Mkenya anayefuatilia muziki ameshaona mgawanyo huu kwa macho, kwa kuwa nchini kwake kumekuwa na chama cha watunzi, MCSK, chama cha waimbaji na wapigaji, PRISK, na chama cha wenye rekodi, KAMP.

Wimbo wa jadi hauna mwenyewe. Ukiupanga upya kwa ubunifu wako, hata hivyo, mpangilio huo unakuwa mali yako, na mirabaha yake unalipwa kama mtunzi. Redio ikiupiga, unalipwa. Bendi nyingine ikiupiga jukwaani kwa mpangilio huo, unalipwa. Upande wa rekodi mambo ni tofauti. Mikataba ya vijana wa miaka ya 60 iliwapa wapigaji asilimia ndogo ya mauzo, na mauzo yana mwisho. Tena Marekani, lililokuwa soko kubwa kuliko yote, vituo vya kawaida vya redio vinamlipa mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji na wapigaji waliosikika kwenye rekodi hawapewi chochote. Yaani sauti ya Burdon inaweza kupaa kwenye redio za Texas na Ohio kwa miaka 60, kila siku, na kila inapopigwa malipo yaende kwa jina lililo kwenye mabano.

Burdon ameishi akilibeba jambo hili. Ukisoma mahojiano yake ya miongo tofauti utalikuta pale pale, likiwa bichi.

Kila mtu na njia yake

Mwaka 1965 Price aliondoka, akitaja hofu ya kupanda ndege. Steel akafuata mwanzoni mwa 1966, na Septemba mwaka huo bendi ikavunjika. Walikuwa wametoa vibao vikubwa mfululizo kwa miaka miwili na kuzunguka dunia, na mifukoni walikuwa na kidogo mno. Fedha zao chini ya meneja Mike Jeffery zilipitishwa kwenye kampuni iliyosajiliwa Bahama, na wanabendi walilalamika hadi uzeeni kwamba hawakuziona.

Chandler aliweka besi chini na kuwa meneja. Alikuwa amemwona kijana mmoja akipiga gitaa kwenye klabu ndogo New York, akamleta London mwezi uleule bendi yake ilipokufa. Kijana huyo alikuwa Jimi Hendrix. Baadaye Chandler aliisimamia bendi ya Slade mpaka ikatawala chati za Uingereza. Price alijijengea jina peke yake, akatunga muziki wa filamu, na mwaka 1974 wimbo wake kuhusu maandamano ya wasio na kazi wa Jarrow ulifika namba 6 Uingereza. Burdon alihamia California, akalibeba jina la bendi na kuunda Eric Burdon and the Animals na wapigaji wapya, kisha akajiunga na kundi la War. Kumbukeni hilo la kubeba jina. Tutalirudia.

Mwaka 1968 watano hao walikutana kwa onyesho la hisani mjini kwao Newcastle, wakaachana tena. Mwaka 1975 ndipo waliporekodi kwa dhati, wakitumia studio ya magurudumu ya Rolling Stones, lile lori lililojaa mitambo ambalo bendi nyingi za zama hizo zilikodi. Albamu haikutoka hadi 1977. Waliiita "Before We Were So Rudely Interrupted", kama mtu anayesema tuendelee pale tulipokatizwa bila adabu. Na juu ya jalada hawakujiita The Animals. Walijiita The Original Animals, yaani wale wa asili. Bendi inayolazimika kueleza kwenye jalada kwamba yenyewe ndiyo yenyewe inakuambia kwamba jina lake limeshatumika mahali pengine.

Angalia walichokipiga. Karibu albamu nzima ni nyimbo za watu wengine: Dylan, Jimmy Reed, Percy Mayfield, Jimmy Cliff, Doc Pomus. Wahakiki wengi wanaiona hali hii kama kurudi kwenye mizizi, kwa kuwa bendi ya bluzi tangu mwanzo huishi kwa kuimba nyimbo za waliotangulia. Ni kweli. Lakini mimi naona na jambo la pili. Mnapopiga wimbo wa Jimmy Reed, hakuna kati yenu atakayegombania mabano. Jina litakaloandikwa ni la Reed na mirabaha ya utunzi inakwenda kwake. Kwa watu waliowahi kuvunjwa na mstari mmoja wa lebo, huo ulikuwa uwanja salama kuliko wote. Bei yake ni kwamba mnaondoka bila mali mpya. Hata albamu ikifanya vizuri, mtagawana kapu lile dogo la rekodi, na kapu la utunzi mmelipeleka kwa jirani.

Na ni albamu nzuri, nasema hivyo kwa moyo wote. Burdon anaimba "Many Rivers to Cross" kama mtu aliyevuka baadhi ya mito hiyo na kuzama katika mingine. Wimbo wa Reed, "As the Crow Flies", wanaupiga bila haraka, kinanda na gitaa vikipishana kama wazee wawili kwenye kibaraza wanaojua nani ataongea lini. Hakuna anayejaribu kuonekana kijana. Lakini ilitoka mwaka ambao vijana wa panki walikuwa wameiteka Uingereza, haikupata ziara kubwa ya kuisindikiza, ikafika namba 70 kwenye chati ya albamu ya Marekani na kutulia hapo. Kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Safari ya pili

Mwaka 1983 walijaribu kwa namna nyingine kabisa. Albamu iliitwa "Ark", ikatolewa na I.R.S., kampuni ya Miles Copeland, meneja wa bendi ya The Police. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilitoa albamu ya kwanza ya bendi ya R.E.M. Undugu haukuishia hapo, kwani mpiga gitaa wa The Police, Andy Summers, aliwahi kuwa kwenye Animals wapya wa Burdon mwaka 1968. Safari hii nyimbo zilikuwa mpya kwa wingi. Ila tazama zilikotoka: nyingi ni za Burdon na John Sterling, mwenzake kutoka bendi yake mwenyewe. Watano hawakukaa chumba kimoja wakatunga. Mmoja alikuja na mzigo wake umeshafungwa, wengine wakausaidia kuubeba. Unasikika hivyo pia. Kuna vinanda vya umeme vya miaka ya 80, kuna wapigaji wa ziada kama Zoot Money, na kuna dakika nzima ambazo huwezi kumtambua Valentine wala Chandler. Singo ya "The Night" ilifika namba 48 Marekani, albamu namba 66.

Ziara ndiyo iliyovuta watu, na ziara ndiyo iliyowarudisha kwenye kidonda. Mashabiki walilipa kiingilio wausikie wimbo mmoja. Kila usiku watu watano walisimama wakaupiga, Valentine akaanza zile ngazi zake, ukumbi ukalipuka. Na wimbo ukipigwa jukwaani, kama nilivyoeleza, mirabaha ya utunzi humfuata aliyeandikwa. Kurudiana hakukuwa kumeibadilisha karatasi ya 1964. Walimaliza mwaka huo Wembley Arena, London, wakiwafungulia The Police onyesho, wakaacha rekodi ya jukwaani iliyotoka 1984. Baada ya hapo watano hao hawakurekodi tena pamoja.

Walioifuatilia Cream, bendi ya watu watatu ya Uingereza ya miaka ya 60, wataona sura ileile. Mpiga dramu wake, Ginger Baker, alilalamika maisha yake yote kwamba midundo yake ilizijenga nyimbo ambazo mirabaha yake ilikwenda kwa mwimbaji na mpiga besi Jack Bruce na mshairi wake Pete Brown. Mei 2005 Baker, Bruce na mpiga gitaa Eric Clapton walirudi ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwa usiku nne, wakapiga nyimbo za zamani kwa ustadi ambao bado unanisisimua. Albamu mpya ya studio hawakuigusa.

Jina ni la nani?

Nilisema tutarudi kwenye jina. Hii ni mali ya tatu, na haihusiani na utunzi wala rekodi. Ni kibao cha mlangoni. Mwenye nacho ndiye anayeuza tiketi.

Miaka ya 90 Valentine na Steel walikuwa wakizunguka na bendi zenye neno Animals ndani yake, na Burdon naye akizunguka na yake. Steel akaomba kulisajili jina kama alama ya biashara Uingereza. Burdon akapinga. Mwaka 2008 msuluhishi alimpa Steel ushindi. Burdon akakata rufaa, na Septemba 2013 rufaa yake ikakubaliwa.

Sheria ya England ilikuwa imepigiwa mstari mwaka 2003 katika kesi ya Saxon, bendi ya metali, ambamo waliokuwa wanabendi wawili walijisajilia jina. Jaji alisema kwamba bendi isiyo na mkataba wa ndani ni ushirika, na sifa iliyojengwa kwa jina hilo ni mali ya ushirika wote. Mwanabendi akitoka, habebi kipande cha jina mfukoni. Fikiria shamba la ukoo: unaweza kulima, unaweza kula mazao yake, lakini huwezi kwenda ofisi ya ardhi peke yako ukarudi na hati yenye jina lako. Dawa ni karatasi moja ya makubaliano iliyotiwa saini siku ya kwanza, wakati bado mnapendana na hakuna cha kugombania. Vijana watano wa Newcastle mwaka 1963 nani angewaambia?

Ziko bendi zilizofaulu, kwa kiasi. Allman Brothers Band ya Marekani ilimpoteza Duane Allman kwa ajali ya pikipiki 1971 na Berry Oakley kwa ajali kama hiyo mwaka uliofuata, ikavunjika 1976, ikarudi 1979, ikavunjika tena. Iliporudi 1989 iliingiza damu mpya, akina Warren Haynes na Allen Woody, na albamu ya "Seven Turns" ya 1990 ina Haynes ndani ya utunzi, jina lake likiwa kwenye mabano pamoja na ya wenyeji. Naamini hilo lina sehemu kubwa katika uhai ule, kwa kuwa mtu aliyeandikwa ana sababu ya kubaki. Bendi hiyo iliendelea hadi Oktoba 2014, ingawa haikukwepa ugomvi. Dickey Betts, mmoja wa waasisi, alitolewa mwaka 2000 na hakurudi.

The Animals waliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa roki Marekani mwaka 1994. Burdon hakuhudhuria. Chandler alifariki 1996, na tangu hapo watano kamili wakawa ni habari ya picha na santuri. Valentine alifariki Januari 2021. Katika salamu zake za rambirambi Burdon aliandika kwamba ule mwanzo wa "Rising Sun" hautasikika tena vilevile. Alikuwa anazungumzia zile nota za gitaa, moja baada ya nyingine, kabla mtu mwingine yeyote hajaingia. Kwenye lebo, nota hizo zimepangwa na Price.